Nyama ya Safari ya Njeri

Nilikwenda Garissa kumrudisha mwanangu nyumbani. Naanza na hilo mapema, wenzangu wa huku baridi, ili mtu asije akadhani nilikwenda kustarehe. Mimi ni mfugaji wa Kinangop, nina ng'ombe wa maziwa, na mtu wa ng'ombe hana likizo kwa sababu ng'ombe hajui Jumapili wala Krismasi. Lakini kitinda mimba wangu, Njeri, alisomea udaktari wa mifugo, na serikali ilipomwajiri ikampeleka kule kwenye joto akatibu ngamia. Ngamia! Mtoto niliyemlea zizini, aliyejua kukamua kabla hajajua kusoma. Nilivumilia, lakini kila redio ilipotaja mashambulizi ya Kaskazini Mashariki, mkono wangu uliacha kiwele ukatafuta simu.

Basi mwaka huu ushirika wetu wa maziwa ukaanza kutafuta daktari wa mifugo. Mwenyekiti aliniita kando baada ya ibada akaniambia kazi ni ya Njeri akiitaka, mradi tu ajibu kufikia Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nilimpigia simu palepale nje ya kanisa. Akasema, "Mama, njoo kwanza unitembelee. Hujawahi kuja."

"Nitakuja," nikamjibu, "na nitakuja na begi tupu."

Ni begi kubwa la buluu, la magurudumu, lile tulilompelekea chuo kikuu. Viazi, karoti na kabichi nilivitia kwenye kiondo, begi nikaliacha tupu kabisa kwa ajili ya nguo zake. Baba Njeri alinisindikiza mpaka langoni, akaliinua kwa kidole kimoja. "Usinirudishie begi hili likiwa jepesi hivi," akasema. Mzee wangu si mtu wa maneno mengi, na hayo yalinitosha njia nzima.

Ijumaa asubuhi, baada ya kulala kwa dada yangu Nairobi, nilipanda basi la Garissa. Jaketi nililotoka nalo Kinangop nililivua Thika. Sweta nikaivua Mwingi. Tulipopita Ukasi sikuwa na kingine cha kuvua kwa heshima, nikabaki kufungua na kufunga dirisha, maana upepo wenyewe ulikuwa wa moto. Mwanamke aliyekaa kando yangu, aliyevaa buibui, alinitazama nikihangaika, akafungua mkebe akanipa tende bila hata kuniuliza jina. Nikampa karoti. Tukala hivyo kimyakimya, yeye karoti yangu na mimi tende zake, huku miti ikizidi kuwa mifupi na miiba ikizidi kuwa mirefu. Kisha nikaona ngamia wa kwanza wa maisha yangu, amesimama kando ya lami akitafuna, ametudharau sote.

Kabla ya daraja la Tana askari walitushusha, wakaangalia vitambulisho, tukapanda tena. Mto niliutazama kwa makini kwa sababu niliusoma shuleni. Ni mpana, maji yake ni ya rangi ya udongo, na kingo zake zina migomba na miembe ya kijani kibichi ambayo macho yangu yaliishukuru.

Njeri alikuwa ananingoja kituoni. Sikumtambua mpaka aliponiita. Alivaa dera pana la maua na mtandio umezunguka kichwa.

"Umesilimu?" nikamuuliza, hata salamu sijatoa.

"Mama! Ni jua," akasema akicheka, akanikumbatia. Alikuwa amekuwa mweusi zaidi, na amenenepa kidogo. Hilo la kunenepa lilinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja, maana nilikuwa nimejiambia kwamba huku hali chakula.

Anapanga chumba katika boma la mwanamke anayeitwa Mama Hawa. Ni mjane wa makamo yangu, mzaliwa wa Griftu kule Wajir, na kazi yake ni kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Alitupokea mlangoni akanishika mikono yote miwili. "Karibu, mama ya Njeri. Karibu, karibu. Njia iko moto, eh?" Nikasema ndiyo, iko moto kweli. Njeri akamgeukia, akamwambia, "Hooyo, mama amechoka, acha aketi."

Nilingoja tukiwa wawili. "Hooyo ni jina lake?"

"Hapana. Ni mama. Kwa Kisomali."

Nisiseme uongo: nilisikia wivu. Nilitoka nje kuosha uso, na hapo ndipo nilipoona nyama. Ilikuwa imekatwa vipande virefu vyembamba na kuanikwa juu ya kamba uani, kama mtu angeanika soksi. Mama Hawa alikuwa akiigeuza.

"Hiyo yote ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya safari," akasema.

"Nani anasafiri?"

Aligeuza kipande kingine. "Mtu atasafiri tu," akasema, kisha akaniuliza kama nataka maji ya kuoga.

Jioni ile, tukinywa chai mlangoni pa chumba chake, nilifungua mdomo kuanza hotuba niliyoipanga tangu Thika. Njeri akaniwahi. "Mama, sitabishana na wewe. Kazi ya ushirika ni nzuri, najua. Ila kesho nipe siku moja. Tule, tutembee, tusiitaje kazi. Jua likizama, wewe useme: twende au baki. Ukisema twende, nitajaza begi, Jumapili tupande basi pamoja."

"Na hutanuna?"

"Sitanuna."

Njeri akisema hivyo, ndivyo. Nilibaki na hotuba yangu mdomoni, sina wa kumpa.

Jumamosi asubuhi tulianza na kula. Alinipeleka hoteli moja karibu na soko, yenye meza za plastiki na pangaboi inayolalamika. Tuliletewa anjera, mkate mwepesi laini unaochomwa upande mmoja, ule upande wa juu ukabaki na vitundu vingi. Unakatwa kwa vidole na kuchovewa kwenye maini yaliyokaangwa na vitunguu na pilipili hoho. Nilijiapiza kutosifu chochote, lakini maini yale yalinishinda. Nililamba vidole. Chai ilikuja na iliki na mdalasini, na sukari, lo! "Nani amekufa akawaachia watu hawa sukari yote hii?" nikamuuliza Njeri. Mhudumu alisikia, akacheka, akaniletea nyingine isiyo na sukari nyingi. Ilikuwa na sukari nyingi vilevile.

Kutoka hapo tulikwenda soko la mifugo kwa miguu. Mimi nimeuza ng'ombe minadani tangu ujana, nikadhani ninajua soko ni nini. Wapi! Kulikuwa na mbuzi wengi mpaka ardhi haionekani, ng'ombe weupe wenye nundu, punda, na nyuma yao ngamia, wamesimama juu ya kelele zote kana kwamba wamealikwa kwenye harusi wasiyoipenda. Wengine walikuwa wametoka mbali, hadi Elwak kule mpakani. Na kila hatua tuliyopiga, mtu alikuwa anaita: "Dagtar! Dagtar Jeri!" Wanaume wazima, wenye bakora mabegani, wanamwacha mteja katikati ya maneno waje kumsalimia mwanangu.

Mmoja wao, bwana mwenye ndevu zilizotiwa hina, jina lake Abshir, alitusimamisha njiani. Ngamia wake jike alikuwa na kiwele kilichovimba upande mmoja, na juu ya uvimbe kulikuwa na alama mbichi ya chuma cha moto.

Njeri alipoiona alisimama, mikono kiunoni. "Abshir! Mara ya mwisho nilikuambia nini kuhusu kuchoma?"

"Nilichoma kidogo."

"Kidogo! Wewe ukivimba jino, nikuchome shavu kidogo?"

Watu walicheka. Abshir akanigeukia, akaomba msaada kwa macho. "Mama, huyu mtoto yako ana mdomo. Alitoa wapi?"

Kila mtu pale aliyenisikia nikizungumza alikwisha jua alikoutoa. Wakacheka tena, na safari hii nami nikacheka.

Kisha Njeri akaanza kazi. Aliongea na yule ngamia kwa Kisomali, taratibu, akamgusa ubavuni kwanza ili ajue mtu yuko hapo, akateremsha mkono polepole mpaka kwenye kiwele, akaupima uvimbe kwa nyuma ya vidole, sio kwa ncha. Nilisimama nikiutazama mkono huo. Kwa nyuma ya vidole, kwa sababu hapo ngozi inasikia joto vizuri zaidi na mnyama hashtuki. Mimi ndiye niliyemfundisha, akiwa mdogo, kwa ng'ombe wetu aliyeitwa Nyambura, siku ya mvua. Mnyama yule mrefu, aliyekuwa akipiga kelele za kutisha, alinyamaza. Nikajifanya naangalia mbuzi.

Alipomaliza kumdunga sindano, Abshir aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, tumesikia unamchukua. Ni kweli?"

"Nani amekuambia?"

"Soko nzima inajua."

Nikamwambia kwamba tumekubaliana tusizungumze habari hiyo kabla ya magharibi. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kana kwamba huo ni utaratibu unaoeleweka.

Saa sita mchana mji ulifunga. Maduka yaliteremsha milango, watu wakaelekea msikitini na majumbani, nasi tukarudi bomani kwa chakula cha mchana. Uani, kamba ilikuwa tupu. Nyama iliyokauka ilikuwa ndani ya sufuria pana, imekatwa vipande vidogo vidogo sana, vya saizi ya punje ya maharagwe. Kisu cha Mama Hawa kilikuwa bado kando.

Tuliketi sisi watatu juu ya mkeka, tukanawa mikono, na katikati likawekwa sinia la wali wenye zabibu, na mguu wa mbuzi juu yake uliopikwa mpaka ukisemeshwa tu unaachia mfupa. Mama Hawa alisema bismillahi, kisha akangoja. "Omba na wewe," akaniambia. Nikaomba, yeye ameinamisha kichwa. Kando ya sinia kulikuwa na ndizi mbivu. Niliiweka yangu pembeni, iwe ya mwisho. Njeri akanionyesha: unaimenya, unaila pamoja na wali, tonge la wali na kipande cha ndizi. Nikasema hiyo ni michezo ya watoto. Nikajaribu. Nikajaribu tena. Wenzangu, jaribuni, halafu mnitukane baadaye. Na kila nilipomaliza nyama ya upande wangu, Mama Hawa alisukuma nyingine kwa vidole, bila kutazama, mpaka upande wangu ukawa mlima.

Ndipo akaleta maziwa ya ngamia. Wakati uleule simu ya Njeri ikalia. Ilikuwa ya mchungaji wa ngamia kutoka huko Takaba, mnyama wake anakohoa, na Njeri akatoka nje kusikiliza vizuri. Kama simu ile isingelia, nisingekuwa na mambo mengi ya kusimulia.

Nikapewa kikombe kikubwa. Niliyachunguza kwanza, kama ninavyochunguza ya kwangu: meupe, mepesi, povu zuri, yana chumvi kidogo na harufu ya moshi. Nikauliza habari ya moshi, na Mama Hawa akanieleza jinsi anavyofukiza chombo kwa kuni maalumu kabla ya kutia maziwa, ili yakae bila kuharibika. Nikamweleza jinsi sisi tunavyochemsha mikebe. Tulizungumza vizuri. Na mimi, kama mnavyonijua, sijawahi kuacha maziwa kikombeni tangu nizaliwe. Mtu anayeamka alfajiri kwenye baridi kukamua hawezi kuacha, ni kumtukana aliyekamua. Nikamaliza mpaka tone la mwisho. Akanijazia. Nikamaliza. Akanijazia. Nikajiambia, hee, mwanamke huyu ananipima. Hataniona nikishindwa na maziwa, mimi! Nikamaliza tena, na machozi yakaanza kunilenga.

Njeri aliingia, akaona chombo kikubwa kimeinamishwa mpaka chini. "Mama! Umekunywa yote hayo?"

"Nifanye nini sasa? Kila nikimaliza anaongeza!"

Mama Hawa akashika shavu. "Wallahi mimi nilifikiri ana kiu! Kikombe kila mara iko tupu. Nikasema, huyu mama ametoka mbali, ameona shida."

Njeri aliketi chini akicheka mpaka mtandio ukadondoka. Kumbe huko kikombe kitupu humwambia mwenyeji kwamba mgeni bado anataka. Mwenye kushiba huacha maziwa kidogo chini, na hapo hasumbuliwi tena. "Na mama," akasema, akifuta macho, "hayo ni ya ngamia. Tumbo lisiloyazoea..." Hakuhitaji kumaliza sentensi. Tumbo lenyewe lilimaliza.

Mchana wote, mji ulipokuwa umelala, mimi nilikuwa njiani kati ya godoro na choo. Sitaeleza zaidi, kuna watoto wanaosoma. Njeri alikwenda kunitafutia dawa, akalazimika kuzunguka kwa kuwa maduka mengi ya dawa yalikuwa yamefungwa. Mama Hawa akabaki nami. Aliniletea chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, akaketi kando akinipepea kwa upepeo wa ukindu, akisema "Pole, pole sana." Kila baada ya muda aliinuka kwenda jikoni kukoroga kitu kilichokuwa kikikaangwa kwa samli na iliki, kisha akarudi kunipepea. Mtu akiwa amelala chali na tumbo linamsuta, hana tena kiburi cha kuficha mambo. Nikasema lililokuwa limenikaa rohoni tangu jana.

"Mwanangu anakuita mama."

Hakuacha kunipepea. "Hapa mtu hawezi kukaa bila mama. Nani atamwambia usipite njia hii leo? Nani atauliza kama amekula? Yeye alikuja hapa peke yake, mwembamba, analia kwa sababu ya joto. Mimi nashika kiti yako tu. Wewe ukikuja, mimi nainuka."

Kisha akasema, "Begi yako nimeona. Haikuwa na kitu ndani."

"Ndiyo."

Nikangoja anisihi. Nilikuwa na majibu tayari: usalama, umri wangu, baba yake, ushirika. Lakini hakunisihi. Aliinuka akaenda kukoroga sufuria yake.

Alasiri tumbo lilitulia, na Njeri akasema siku yetu haijaisha. Alimwita kijana wa tuktuk, Hassan, aliyekuwa na miwani ya jua na maoni juu ya kila kitu. "Mathe, pole kwa maziwa," akaniambia. Hata yeye alikuwa amesikia! "Hiyo kitu ni noma kwa wageni. Lakini ukizoea, hutaki ingine."

Alitupeleka nje ya mji, mahali ambapo twiga wanaishi karibu na watu bila wasiwasi. Twiga mama alivuka njia mbele yetu, polepole, na mtoto wake nyuma. Alipofika upande wa pili aligeuka kumtazama mtoto, ambaye alikuwa amesimama katikati ya barabara akitushangaa sisi. Hassan akazima injini. Yule mama hakurudi kumchukua. Alisimama tu, akangoja, mpaka mtoto akamaliza kushangaa akaja. Nilimkanya Njeri moyoni: usidhani sijui kwa nini umenileta hapa. Baadaye aliniapia kwamba hakupanga. Twiga hawapangwi, akasema.

Kutoka hapo tulishuka mtoni, kwenye shamba la tikitimaji, ambako mwenye shamba alitupasulia tikiti moja juu ya jani la mgomba. Nilisema sitaki kuona chakula tena maishani mwangu. Nikala vipande, sijui vingapi. Lilikuwa tamu na bado lina joto la jua, maji yakinitiririka mpaka kwenye viwiko. Ng'ambo ya mto miembe ilikuwa inaingia kivuli. Njeri alikuwa amevua viatu, ameketi kama alivyokuwa akiketi kwenye ukingo wa hori letu akiwa mtoto, akitema mbegu mbali kushindana na Hassan. Nikamtazama na nikampenda mpaka ikaniuma.

"Mama," akasema bila kugeuka, "jua hilo."

Lilikuwa limefika kwenye vichwa vya miti. "Tufike nyumbani kwanza," nikasema. Nilikuwa naogopa. Nilijua kile nilichotoka nacho Kinangop, na nilijua kwamba hakikuwa tena mahali nilipokiacha.

Magharibi ilitukuta bomani, adhana ikiita kutoka misikiti kadhaa, hii ikianza kabla ile haijamaliza. Tulimngoja Mama Hawa aswali. Begi langu la buluu lilikuwa mlangoni pa chumba cha Njeri. Alikuwa amelitoa mwenyewe, amelifungua zipu, liko wazi. Alikuwa ameahidi kutonuna, na hakununa. Hilo ndilo lililonivunja nguvu.

Mama Hawa alitoka na mkebe mkubwa uliofungwa kwa kitambaa cheupe, bado una joto. Akanipa mimi, kwa mikono miwili.

"Hii ni nyirinyiri," akasema. "Nyama imekauka, imekaangwa, imelala ndani ya samli. Inakaa miezi, haiharibiki. Kwetu mtu akienda mbali, lazima apewe. Hii ni ya Njeri. Kule kwenu baridi, akikula kidogo kidogo, atakumbuka huku."

Niliushika mkebe ule. Vidole vyake vilikuwa na mikato midogo ya kisu, ya jana na ya leo. Nyama ile ilikuwa kwenye kamba nilipofika. Maana yake alikuwa ameinunua, ameikata na kuianika kabla mimi sijashuka kwenye basi; kabla sijasema lolote, yeye alikwisha kubali kumwachilia. Mtoto si wake, hakumzaa, na aliweza. Mimi niliyemzaa nilikuja na begi.

"Mama Hawa," nikasema, "hii nyama ni ya nani?"

"Ya mwenye safari."

"Basi ni yangu. Mwenye safari ni mimi."

Njeri alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali, hana hakika. "Mama, neno ulilotakiwa kusema ni twende au baki."

"Baki," nikasema. Neno dogo, lakini lilinichoma likitoka. "Baki, mwanangu. Nitamjibu mwenyekiti mimi mwenyewe."

Alijifunika uso kwa mtandio, akalia, na mimi nikalia, sina haya. Mama Hawa hakulia. Aliutazama mkebe mikononi mwangu, kisha akauchukua tena.

"Unaenda nao wapi?" nikamuuliza.

"Hii haitoshi," akasema. "Hii ilikuwa ya msichana mmoja. Wewe una bwana nyumbani, una majirani." Akarudi jikoni kutafuta mkebe mwingine. Nikamfuata mlangoni, nikamwambia kiti changu aendelee kukishika, na kwamba Krismasi namtaka Kinangop pamoja na Njeri, nimpe maziwa ya ng'ombe mpaka aombe huruma. Akasema inshallah, lakini yeye anajua kuacha kidogo chini.

Jumapili asubuhi nilipanda basi. Begi lilikuwa limejaa mpaka zipu inagoma: mikebe ya nyirinyiri, tende, matikiti mawili ambayo Hassan aliyaleta bila kuombwa, dera la maua ambalo sijui nitalivaa wapi, na iliki. Njeri alisimama chini ya dirisha langu, ameshikwa mkono na Mama Hawa. Simu yake ililia, akaitazama, akaniangalia mimi. "Pokea," nikamwambia kwa ishara, "mnyama anangoja." Basi lilipogeuka, alikuwa ameiweka sikioni na kuzungumza, huku mkono wa pili ukinipungia.

Mtaniuliza nilijifunza nini. Nimejifunza kula ndizi na wali. Mgeni wangu akimaliza kikombe, siku hizi namwuliza kwanza kabla sijaongeza. Na redio ikitaja Kaskazini Mashariki bado mkono unaacha kiwele, sitawadanganya. Hofu haijaisha na sidhani itaisha. Ila sasa ninapiga namba ya Mama Hawa kwanza, na yeye huniambia Njeri amekula nini.

Baba Njeri alikuwa langoni nilipofika. Aliliona begi, akalishika mpini kulinyanyua, likamshinda, akalazimika kutumia mikono yote miwili. Uso wake ukafunguka kwa furaha. "Sasa hili ndilo begi!" akasema. Kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, akangoja. Hapakuwa na mtu.

"Njeri yuko wapi?"

"Yuko kwake," nikamwambia. "Ingiza begi, nikupe nyama aliyokuwa aje nayo."